Kumwonyesha dokta wa mifugo mnyama kwa vidio: wafugaji wa Mtwara na Lindi tuongee ukweli

Tabibu_wa_Zizi #1

Wakuu habari za mihangaiko. Mimi ni daktari wa mifugo niko upande wa Masasi, wafugaji wangu wametapakaa, wapo wa Nanyumbu huko kuelekea mto Ruvuma, wapo Nachingwea, wapo Newala juu kabisa ambako maji yenyewe ni ya kutafuta. Siku hizi nikiamka simu nimeikuta imejaa vidio. Mbuzi anakohoa, jogoo kapinda shingo, ng'ombe kalala hanyanyuki, na chini yake maneno matatu tu, "dokta nimpe nini". Hujaambiwa mnyama ana umri gani, kaanza lini, wangapi wengine wanaumwa, jana kachomwa sindano gani na nani. Wewe taja dawa mtu akimbie dukani.

Naleta uzi tuelewane. Msije mkasema dokta anakataa vidio, nazitaka sana. Pikipiki kwenda na kurudi kijiji cha mpakani mafuta yake tu yanameza thamani ya kuku wote wa mtu, sasa mwenye kuku wachache utamwambia akodi gari? Na sisi wenyewe tuko wachache, kuna kata hazina hata afisa mifugo. Simu imekuja kuziba hilo pengo na itaendelea tupende tusipende. Shida yangu ni kwamba watu wanaitaka vidio ifanye kazi ambayo haiiwezi, ile inayoiweza vizuri hawaitumii.

Inachoweza vizuri ni kuamua. Huyu anatakiwa aonwe leo, au kesho, au anaweza kusubiri, na mpaka afikiwe wewe usifanye nini. Hapo kwenye usifanye nini ndio pana faida kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mfano ng'ombe jana alikuwa mzima anakula, asubuhi kafa, tumbo limejaa haraka, damu nyeusi inamtoka puani na kwenye haja na haigandi. Vidio ya sekunde kumi inanitosha, hata sauti sihitaji, nakupigia hapo hapo nakwambia weka kisu chini. Hiyo inaweza kuwa kimeta, ukimpasua hewa ikiingia vile vijidudu vinajigeuza mbegu ngumu zinakaa kwenye udongo miaka na miaka, na nyama ikishagawanywa ndio mnasikia watu wa kitongoji kizima wana vidonda vyeusi mikononi. Usichune, usile, usimpe mbwa, zuia mifugo mingine isisogee, mwite afisa mifugo asimamie kufukia kwa kina au kuchoma. Hapo vidio imemaliza kazi kuliko mimi ningefika jioni nikakuta mchuzi uko jikoni.

Sasa inaposhindwa. Simu haipitishi joto, homa siioni. Siwezi kupapasa tezi mbele ya bega, na kwenye ndigana kali (ugonjwa wa kupe) tezi ndio ya kwanza kukupa wasiwasi. Siwezi kusikiliza mapafu. Na rangi ndio balaa kabisa, kamera inarekebisha mwanga yenyewe, mtu kanirekodia ufizi wa mbuzi chini ya mkorosho majani juu yote kijani, mimi naona ufizi umepauka kumbe ni kivuli, au kinyume chake mbuzi hana damu kabisa kamera inamfanya aonekane mwekundu mzuri. Ukipenda kunionyesha ufizi au ndani ya kope toka juani kidogo, weka karatasi nyeupe pembeni iingie kwenye picha nipate pa kulinganishia.

Na jambo lingine, vidiokoli ya moja kwa moja kwa mtandao wetu huu mimi siipendi. Picha inakwama kwama, mnyama anayechechemea anaonekana anaruka, kupumua huwezi kuhesabu. Rekodi kwanza halafu tuma, na ukituma WhatsApp itume kama dokumenti maana ukituma kawaida inabanwa inakuwa ukungu. Anza kwa mbali mnyama mzima kasimama, kisha mtembeze, asikimbizwe. Halafu simama pembeni nirekodie ubavu dakika nzima bila kutingisha simu, mnyama akiwa kivulini ametulia, nihesabu pumzi. Mbuzi mkubwa aliyetulia anapumua kama mara 15 mpaka 30 kwa dakika, nikiona 60 najua hapo kuna neno hata kama wewe unaniambia ni mafua tu. Mwisho kinyesi, na banda, na anachokula. Watu wanasahau banda. Nusu ya majibu yapo chini ya miguu ya mnyama.

Karibuni na maswali.

---

Mamakanga #2

Dokta shikamoo. Mimi nafuga kuku wa kienyeji na kanga huku Newala. Hapa kwetu kila upepo ukibadilika kuku wanapukutika, anaanza mmoja kusinzia, anaharisha kijani, shingo inapinda, siku mbili tatu banda jeupe. Nilishawahi kutuma vidio kwa mtu mmoja wa dukani akaniuzia dawa tatu tofauti, hela ikaenda na kuku wakaenda. Kwa vidio unaweza kujua ni mdondo au la?

---

Tabibu_wa_Zizi #3

Marahaba mama. Kwa hizo ulizotaja nikiona na vidio, na kwamba wanakufa wengi kwa mpigo, mdondo nitaushuku wa kwanza kabisa. Kuthibitisha kwa macho haiwezekani, maabara ndio inathibitisha. Ila hebu niambie ukishajua kwa uhakika ni mdondo utafanya nini cha tofauti? Mdondo hauna dawa. Zile tatu ulizouziwa pengine zingesaidia magonjwa mengine ya kuku, kirusi cha mdondo hazikigusi. Hapa ushauri wa simu ni kutenga wanaoumwa, kutouza wala kumpelekea ndugu kuku mzima aliyebaki (hii ndio inasambaza), kufukia waliokufa, halafu wakitulia unaanza chanjo.

Chanjo ya I-2 ni tone moja kwenye jicho, kila miezi mitatu, inavumilia joto kuliko zile za zamani japo sio ya kuweka juu ya bati. Inatengenezwa hapa hapa nchini, Kibaha, na Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA). Chupa moja ni ya kuku wengi kwa hiyo unganeni kina mama mtaa mzima, mpange siku, mchanje alfajiri kabla kuku hawajatoka. Hiyo siku nipigie vidio niwaone mnavyodondosha, hapo hata vidiokoli naikubali, maana makosa ni yale yale kila mahali, mtu anadondosha kuku anafumba jicho tone linaishia kwenye manyoya anahesabu amechanja.

---

Salfa_Mgongoni #4

Dokta umeongea vizuri ila sema lile usilolisema. Bei. Nilituma vidio kwa dokta mmoja (sio wewe) akaniambia nitume elfu kumi kwanza ndio afungue. Elfu kumi ya kuangalia simu? Hata sindano hajashika? Si bora niende dukani nikaeleze nipewe dawa na ushauri bure.

---

Tabibu_wa_Zizi #5

Mkuu huo ushauri sio bure, umo ndani ya bei ya dawa, na ndio maana hujawahi kutoka pale dukani ukaambiwa "nenda nyumbani huyu hahitaji dawa". Mimi nikikuangalizia vidio nikakwambia usinunue kitu, mwongeze maji na majani, umeokoa hela lakini unaona umeibiwa. Watu wa kwetu wako radhi kulipia sindano, kichwa cha aliyesoma miaka mitano SUA (chuo kikuu cha Sokoine) hawataki kulipia. Mimi binafsi vidio ya kwanza naangalia bure nikuambie ni ya haraka au sio ya haraka. Nikianza kufuatilia, kuandika dozi, kukupigia jioni kujua hali, hapo nachaji na sioni aibu.

---

Salfa_Mgongoni #6

Bado sijakubali ila nimekuelewa. Msimu wa korosho ukija tutaongea, saa hizi mfuko umekauka bana.

---

Mchunga_Liwale #7

Nyie wa Masasi mna raha, mnaongelea vidio. Sisi huku maporini Liwale mtandao unaupata juu ya kichuguu, na chaji ni ya sola ya jirani. Tulishuka huku na ng'ombe kutoka Usangu miaka ile ya 2006, 2007 tulipohamishwa, tukakuta mbung'o. Ng'ombe anakonda, manyoya yanasimama, machozi, anatupa mimba, na anakula vizuri tu. Nikimpigia kijana aliyesoma anaangalia vidio anasema "ana minyoo mpe albendazo". Nikampa. Ng'ombe akaendelea kukonda. Mimi nimekaa na ng'ombe tangu sijaota meno naujua ndorobo ukoje, ila na mimi sina uhakika wa kila mmoja, na dawa ya ndorobo sio ya kuchezea.

Kwa hiyo swali langu, vidio kwa ng'ombe aliyekonda ina maana gani? Si wote wanaonekana sawa?

---

Tabibu_wa_Zizi #8

Mzee wangu umegonga penyewe. Ng'ombe aliyekonda kwenye vidio ni ng'ombe aliyekonda, basi. Anaweza kuwa na nagana (ndio huo ndorobo wako), minyoo, ndigana baridi ya muda mrefu, kifua, meno yamekwisha, au hana malisho. Huko kwenu mnapakana na pori la Selous, mbung'o wapo, kwa hiyo nagana inapanda juu kwenye orodha kwa sababu ya mahali, picha haijasaidia kitu. Huyo wa kukwambia minyoo kwa kuangalia vidio peke yake alikuwa anabahatisha.

Hapo inayotakiwa ni damu. Tone la damu kutoka mshipa mdogo wa ncha ya sikio linapakwa kwenye kioo, linakaushwa kwa hewa, linafungwa vizuri linasafiri. TVLA wana kituo Mtwara mjini. Afisa mifugo wa huko akifundishwa vizuri anaweza kuchukua na kioo kikapanda basi, ng'ombe akabaki. Vidio hapo inasaidia kitu kimoja tu, kumwangalia anayepaka damu kama anapaka vizuri.

Na hiyo dawa ya ndorobo umesema kweli. Ukimpa pungufu unawafundisha vimelea kuizoea, ukizidisha unamuumiza ng'ombe. Uzito usikisie kwa macho, na mimi usiniulize nikisie kwa kioo cha simu maana kamera ya karibu inamnenepesha na ya mbali inamkondesha. Chukua tepu ya fundi cherehani, zungusha kifuani nyuma tu ya miguu ya mbele, nisomee sentimita. Kwa hizo naweza kukadiria kilo, nikakupa dozi ya maana.

---

Afisa_Kata #9

Nimesoma nimeona niseme na mimi kama mtu wa chini kabisa kwenye huu mnyororo. Mimi ni afisa mifugo, kata sitaji, ni Lindi huku. Kinachotuumiza ni mfugaji anaruka kwetu anampigia dokta wa mjini moja kwa moja, dokta anataja dawa, mfugaji anachoma mwenyewe, mnyama akifa ndio naitwa mimi nije kuandika ripoti ya kifo.

Mfumo mzuri nimeuona mwenyewe ni mimi niwe kwenye mnyama na dokta awe kwenye kioo. Kuna mbuzi mmoja alikwama kuzaa, anasukuma zaidi ya saa nzima kimetoka kikwato kimoja, mwenye mbuzi anataka kuvuta kwa kamba. Nikampigia dokta, simu akashika mtoto wa nyumba, mkono wangu ndani na sabuni, dokta ananiuliza "unashika nini, goti linakunjia wapi, kuna kichwa?" Kichwa kilikuwa kimegeukia nyuma. Akaniambia sukuma mtoto arudi ndani kwanza, usivute. Watu pale walinishangaa, mbuzi anataka kutoa wewe unarudisha! Tukageuza kichwa, ukatafutwa mguu wa pili, akatoka hai. Sasa yule mfugaji peke yake na vidio asingeweza, na mimi peke yangu bila dokta sina uhakika kama ningerudisha.

Halafu na sheria mnaisahau. Sheria ya Veterinari ya 2003 inataka anayetoa huduma awe ametambuliwa na Baraza la Veterinari, daktari amesajiliwa, sisi wasaidizi tunaandikishwa na tunafanya kazi chini ya daktari. Simu haijafuta hiyo. Mtu akikutibia kwa vidio muulize namba yake ya usajili kama unavyomuuliza fundi umeme leseni. Siku hizi kuna magrupu ya WhatsApp ya kuku kila mtu ni dokta, anayejibu haraka ndio anayeaminiwa.

---

Bodaboda_Mangaka #10

Nyie mnabishana mimi ndio mtandao wenyewe 😂 Kuna mzee ana kitochi, mbuzi wake akiumwa ananiita mimi na simu yangu niende nikarekodi, nirudi barabarani kwenye mtandao nitume, nisubiri jibu, nirudi nimwambie, niende dukani nilete dawa. Nachaji trip zote. Dokta ukitangaza hii kitu ukumbuke na sisi.

---

Tabibu_wa_Zizi #11

Kaka usicheke hiyo ni huduma kamili kabisa. Tatizo ukirudi unamwambia mzee nilichosema kwa kumbukumbu. Dozi "mililita tano" ikifika kule imeshakuwa "kumi hivi". Nitakurekodia sauti, umsikilizishe mzee mwenyewe.

---

Mwalimu_Mstaafu #12

Vijana na wazee salaam. Hili jambo wenzetu wamelibishania sana wakati wa korona. Uingereza Machi 2020 baraza lao la madaktari wa mifugo, RCVS, liliruhusu kwa muda kuandika dawa bila kumshika mnyama, watu walikuwa wamefungiwa ndani. Baadaye wakakaa wakajadili, na kuanzia Septemba 2023 wakaweka mwongozo mpya. Daktari anaweza kumhudumia mnyama kwa mbali, ila akitaka kumwandikia antibiotiki, au dawa ya fangasi, au ya wadudu na minyoo, au ya virusi, anatakiwa awe amemkagua kwa mikono isipokuwa kwa hali ya kipekee, na kwa mifugo ya shamba awe amefika shambani na kulijua vizuri. Marekani nao serikali kuu ililegeza kwa muda 2020 ikarudisha masharti 2023, na jimbo la California wao kuanzia 2024 wameruhusu daktari aanze kumhudumia mnyama kwa vidio.

Nauliza dokta, kama Uingereza wenye barabara na mtandao wanasema antibiotiki mpaka umshike, sisi tunaochoma OTC (antibiotiki ya oksitetrasaiklini) kama maji tuna hoja gani?

---

Tabibu_wa_Zizi #13

Mwalimu shikamoo. Hoja yetu ni umbali, na ni hoja ya kweli, lakini hainifanyi niseme wamekosea. Kule wakikaza, mfugaji anampeleka mnyama kliniki. Huku ukikaza bila kumwekea mtu karibu, mfugaji haendi kliniki, anaenda dukani, na OTC iko pale kwenye kaunta haina maswali. Kwa hiyo kwangu mimi bora anionyeshe vidio kabla ya kununua kuliko asinionyeshe kabisa. Ila antibiotiki kwa vidio tupu bila themometa bila mtu wa kushika mnyama, mimi nimeacha kutaja. Nikiona ni lazima namtuma afisa wa kata. Kata isiyo na afisa, hapo mwalimu sina jibu zuri, nakwambia ukweli, naangalia kesi kwa kesi na nikitaja dawa nataja na siku za kusubiri kabla ya kunywa maziwa au kuchinja. Hizo siku ndio watu hawazitaki kuzisikia. Unamwambia maziwa haya usinywe wala usiuze mpaka siku kadhaa zipite kama ilivyoandikwa kwenye chupa, anakujibu "nitachemsha". Kuchemsha hakuondoi dawa!

Na hapo kwenye chupa, jamani, nirekodieni na chupa. Lebo, tarehe ya mwisho, maandishi madogo yote. Mara ngapi mtu ananiambia kampa "ile ya njano".

---

Salfa_Mgongoni #14

Hii ya chupa imenikumbusha. Mwezi wa sita hivi tunapiga dawa mikorosho, mbuzi wa jirani wakaingia shambani wakala majani chini ya miti. Wawili wakaanza kutoa mapovu mdomoni wanatetemeka. Jirani anasema ni mapepo mwingine anasema wamelogwa kwa sababu ya mgogoro wa mpaka, mi nipo pale na bomba mgongoni naogopa nitalipishwa.

---

Tabibu_wa_Zizi #15

Mapovu, kutetemeka, macho mboni zimekuwa ndogo, anaharisha, na shamba limepigwa dawa ya wadudu. Hapo hapo nirekodie kopo la dawa uliyopiga. Salfa ni kitu kingine na dawa ya kuua wadudu ni kitu kingine, na matibabu yake hayafanani, kuna sumu ina dawa yake mahususi ambayo lazima ichomwe haraka na mtaalam. Jina la kiambato lipo kwenye lebo kwa herufi ndogo na ndio ninachokitafuta. Mbuzi watolewe shambani, kama manyoya yamelowa dawa waoshwe kwa maji na sabuni na anayeosha avae glavu. Msiwanyweshe maziwa kwa nguvu, mnyama anayetetemeka anapaliwa. Katika vitu vyote ninavyotumiwa, kopo la dawa ni vidio rahisi kuliko zote na yenye faida kubwa, hapumui huyo wala hakimbii.

---

Mamakanga #16

Dokta mimi narudi na lingine, nimelisikia jana linanikosesha raha. Mbwa wa jirani kaumana na mbweha usiku bandani kwangu, asubuhi mbwa ana jeraha puani. Mbweha walimuua wakamtupa. Nimemrekodi mbwa, anakula vizuri, anatingisha mkia. Nikutumie uone kama ana kichaa?

---

Tabibu_wa_Zizi #17

Mama usinitumie, na sikukatalii kwa ubaya. Hakuna daktari duniani atakayeangalia vidio ya mbwa anayetingisha mkia akakwambia hana kichaa. Ugonjwa unakaa mwilini wiki au miezi bila dalili. Jambo la kwanza, kuna mtu yeyote aliyeng'atwa, aliyekwaruzwa, aliyerambwa kwenye kidonda, au aliyemshika yule mbweha? Kama yupo, aoshe sehemu hiyo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, saa itumike, halafu aende hospitali leo apate chanjo. Asisubiri kuona mbwa atakuwaje. Dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna dawa.

La pili, mbwa. Mwambie jirani amfunge imara pasipo watoto na ampigie afisa mifugo wa kata leo hii, aseme neno mbweha. Kama mbwa aliwahi kuchanjwa atafute cheti. Na mbweha huko kwetu sio jambo dogo. Utafiti uliofuatilia kesi za kichaa Lindi na Mtwara kuanzia 2011 mpaka 2019 ulikuta zaidi ya asilimia 40 ya wanyama waliodhaniwa kuwa na kichaa ni mbweha. Sehemu nyingine nchini wengi ni mbwa. Sasa mbweha wa kawaida anaogopa watu, akiingia bandani kupigana na mbwa hapo anza na kichaa kwanza, mengine baadaye. Huyo aliyetupwa mmemtupa wapi? Asiguswe kwa mikono mitupu, afisa akifika anaweza kuchukua sampuli ya kichwa.

---

Mamakanga #18

Mtoto wa jirani ndio alimburuta kwa mguu kwenda kumtupa. Ana michubuko ya kucheza mpira mikononi. Natoka hapa naenda kwao.

---

Afisa_Kata #19

Mama nenda haraka, na wasimpake mtoto kidonda majani wala majivu. Sabuni. Halafu hospitali ya wilaya, kabla hamjaondoka pigeni simu kuuliza kama chanjo ipo ili msizunguke.

---

Mchunga_Liwale #20

Hili la mbweha limenishtua. Mbwa wangu wa kuchunga hawajachanjwa tangu ule mradi wa chanjo za bure ulipopita miaka ya nyuma.

---

Afisa_Kata #21

Mzee ule mradi wa majaribio wa kutokomeza kichaa ulianza 2010, mikoa ya kusini mashariki yote ilikuwemo, Shirika la Afya Duniani walikuwa nyuma yake. Umeisha. Chanjo ni kila mwaka. Hesabu mbwa wako wote unipe idadi hata kwa ujumbe wa kawaida, kitochi kinatosha, nimpelekee mwenzangu wa huko.

---

Mwalimu_Mstaafu #22

Na taarifa zikishafika kwa dokta kwa njia ya simu zinaenda wapi? Nauliza kwa sababu 2022 pale Ruangwa homa ya mgunda iliua watu watatu, na ni ugonjwa unaotoka kwa wanyama. Kama kila mfugaji ana dokta wake kwenye WhatsApp, nani anayeona picha nzima?

---

Tabibu_wa_Zizi #23

Swali zito mwalimu. Kwa sheria magonjwa kama kimeta, kichaa, sotoka ya mbuzi, homa ya mapafu ya ng'ombe lazima yatolewe taarifa, na daktari aliyeyashuku kwenye simu hajapata msamaha eti kwa sababu hakufika. Mimi nikishuku naandika kwa daktari wa mifugo wa wilaya siku hiyo hiyo, na vidio naiambatanisha. Programu zipo pia, SACIDS, kituo cha utafiti wa magonjwa ya kuambukiza pale SUA, walitengeneza AfyaData ya kuripotia dalili kutoka vijijini, na FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) wana EMA-i. Ila tuseme ukweli grupu la WhatsApp ndio linalotangulia siku zote, programu inafuata baadaye kama mtu akikumbuka. Sotoka ilithibitishwa kaskazini 2008 ikashuka mpaka huku kwetu na wakati huo vidio hazikuwepo mikononi mwa watu. Leo mbuzi kumi wakitoa makamasi na kuharisha na vidonda mdomoni kijiji kimoja, vidio ipo dakika ile ile, inabaki kuzunguka kwenye simu za watu na maneno ya "poleni sana". Hapo pananiuma kuliko suala la hela.

---

Mamakanga #24

Nimerudi. Mtoto kaoshwa, yuko njiani na baba yake kwenda hospitali, afisa kasema anakuja mchana. Ahsante dokta, ahsante afisa.

---

Salfa_Mgongoni #25

Mungu amsaidie. Dokta naomba nirudi kwenye themometa, inauzwa wapi na inawekwaje, maana kila unapojibu unaitaja.

---

Tabibu_wa_Zizi #26

Ya kidijitali ya duka la dawa za binadamu inatosha, ila ukishaitumia kwa mbuzi ibaki ya mbuzi usimpimie mtoto. Ifunge kauzi mwishoni, paka mafuta kidogo, ingiza njia ya haja kubwa ikiwa imeegemea ukuta wa ndani, ukiiingiza katikati ya kinyesi itakudanganya. Subiri ilie. Ng'ombe mzima ni kama 38 mpaka 39.5, mbuzi 38.5 mpaka 40. Pima asubuhi au kivulini, mbuzi aliyetoka juani saa nane mchana atakupa homa ya uongo. Ioshe kwa sabuni na maji ya baridi. Halafu nirekodie namba ikiwa kwenye kioo chake, usiniandikie, watu wanaandika 93 badala ya 39.

---

Bodaboda_Mangaka #27

Themometa naleta mpaka Nanyumbu yote, hela ya nauli itangulie. Na wewe Salfa bado nakudai ya juzi.